Umeoa maombi ya PR ya Kanada yakiwa njiani? Mtaje mke kabla hujatua

Mkuu, nimekuelewa hivi: ulituma maombi ya ukaazi wa kudumu (PR) kupitia Express Entry, ule mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji kwa pointi, ukiwa bachela, maombi yana miezi minne sasa, harusi ni mwezi ujao, unauliza kama pointi zako zitabadilika, na kuna jamaa kakushauri unyamaze. Eti uingie Kanada peke yako, utulie, ndipo umdhamini mkeo. Huyo jamaa anakuchimbia shimo.

Kanuni za uhamiaji za Kanada zina kifungu 117(9)(d). Kwa kifupi, mke, mume au mtoto ambaye hukumtaja, na kwa hiyo maafisa hawakumchunguza kabla hujawa mkaazi, huwezi kuja kumdhamini baadaye kwa njia ya familia. Si zuio la miaka miwili wala mitano, halina mwisho. Nina rafiki alioa wiki tatu kabla ya safari. Alipotua Kanada, pale dirishani kwa afisa wa uhamiaji akaulizwa kama hali yake ya ndoa imebadilika, akasema hapana. Baada ya miaka miwili akapeleka maombi ya mkewe, na cheti cha ndoa alichokiambatisha kina tarehe ya kabla hajatua. Kajifunga kwa karatasi yake mwenyewe. Septemba 2019 ulianza mpango wa muda wa kuwalegezea baadhi ya watu kifungu hicho, lakini ni wa wakimbizi na wale walioingia kwa kudhaminiwa kama wenza au watoto. Sisi wa Express Entry hatumo. Rafiki yangu kabakiwa na kuomba huruma kwa sababu za kibinadamu, huku ana hofu ya kosa la kutoa taarifa za uongo, ambalo linaweza kumvua ukaazi na kumfungia miaka 5.

Sasa yangu. Nilituma Septemba 2022 nikiwa kazini Muscat, ndoa ikapangwa Desemba. Mjomba, kwa nia njema kabisa, akasema ya nini kuunguza nauli, niweke wakala, ndoa ifungwe msikitini huku mimi nipo kwenye simu. Kidini hakuna aliyekuwa na neno. Ila tangu Juni 2015, Kanada haihesabu katika uhamiaji ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwepo yeye mwenyewe inapofungwa. Nikamwambia, "Mjomba, nakuja." Baadaye kurasa za pasipoti zenye mihuri ya kuingia na kutoka Dar niliziambatisha hata kabla ya kuombwa.

Siku ya tatu baada ya ndoa nikawaandikia IRCC, idara ya uhamiaji ya Kanada, kupitia fomu yao ya mtandaoni. Mistari minne tu: namba ya maombi, tarehe ya ndoa, jina la mke kama lilivyo kwenye pasipoti yake, na kwamba naomba aongezwe kama mwenza atakayesafiri nami. Nikaweka na nakala ya cheti. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine, kisha kimya wiki saba. Hapo ndipo watu wanapagawa na kutuma ujumbe kila Jumatatu. Mimi nilikumbusha mara moja tu.

Barua ilipokuja ilinipa siku 30, na zilikwisha upesi kuliko nilivyodhani. Mke alijaza fomu zake, na iliyotutoa jasho ni IMM 5669, ile inayotaka historia yako ya miaka 10 bila pengo hata la mwezi mmoja. Yeye aliacha kazi moja akakaa miezi miwili kabla ya kupata nyingine. Tukaruka. Ikarudishwa. Akaniuliza, "Sasa niandike nini, na nilikuwa nyumbani tu?" Ndivyo tulivyoandika: hana kazi, yupo nyumbani, mwezi fulani hadi mwezi fulani. Ikapita.

Cheti cha polisi kinatakiwa kwa kila nchi aliyoishi miezi 6 au zaidi mfululizo ndani ya miaka 10 iliyopita, akiwa na umri wa miaka 18 kwenda mbele. Vipimo vya afya ni kwa daktari waliyemwidhinisha wao tu. Karatasi yoyote isiyo ya Kiingereza wala Kifaransa itafsiriwe, na mfasiri asiwe wewe wala ndugu yako, hata kama shangazi ni mwalimu wa Kiingereza. Picha za harusi tulikuwa nazo mia sita, nikapeleka kumi na mbili. Afisa anataka kuona nyuso za wazazi na ndugu, keki haimsaidii.

Mimi mwaka ule nililipa dola za Kanada 850 za maombi ya mke, 515 za haki ya ukaazi na 85 za alama za vidole. Ada mbili za kwanza hupandishwa kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo angalia kiwango cha siku unayolipa. Kama uko kwenye kundi linalodaiwa kuonyesha akiba benki, ujue sasa inahesabiwa ya watu wawili, hata mke akibaki nyumbani. Hili lilinipata ghafla.

Na ndiyo, nilichelewa. Vipimo vyangu vya afya, ambavyo hudumu miezi 12, viliisha nikisubiri maafisa wamalizane na maombi ya mke, nikarudia kwa gharama yangu.

Kuhusu pointi ulizouliza: maombi yakishapokelewa hazipigwi upya kwa sababu umeoa. Hatari ni kuoa baada ya kupata mwaliko wa kutuma maombi lakini kabla hujayatuma, na wewe umeshavuka hapo.

Kama mke anamalizia masomo, mtaje kama asiyesafiri nawe. Bado atapimwa afya na kutoa cheti cha polisi, lakini mlango wa kumdhamini baadaye unabaki wazi. Na kama karatasi ya uthibitisho wa ukaazi itatoka kabla hujapeleka taarifa za ndoa, usikate tiketi. Waandikie kwanza, usubiri wakujibu.

Kwa leo, mwambie mchumba aangalie pasipoti yake inaisha lini, na kama jina lake limeandikwa sawasawa na kwenye cheti cha kuzaliwa. La mke wangu lilizidi herufi moja, likatupotezea wiki mbili.