Masikio yalivuma mpaka kesho yake. Nirudi tena?

SWALI: Shikamoo mama. Jumamosi iliyopita binamu yangu alinipeleka kwenye onyesho la muziki wa panki na roki ya gereji, katika chumba cha chini ya jengo, mlangoni hakuna hata bango. Bendi zilikuwa nne. Nyimbo fupi, moja inaisha kabla sijajua imeanza. Gitaa lilitoa sauti kama nguo inayochanwa, nikadhani spika imeharibika. Mbele ya jukwaa watu walikuwa wanasukumana, mimi nikajibanza ukutani. Nilipotoka masikio yalikuwa yanavuma, na hayakutulia mpaka Jumapili jioni. Lakini mama, usiku ule usingizi haukuja kwa furaha niliyokuwa nayo. Mwezi ujao anakwenda tena. Niende? Na wale watu wanajua kupiga muziki kweli? — *Mgeni*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na masikio, maana hayo hayana spea.

Nimekaa kwenye meza ya mitambo ya sauti miaka 19, katika vyumba kama hicho ulichokiona, na miaka mingi ya mwanzo sikuziba masikio. Nikiweka saa ya mkononi kwenye sikio la kulia naisikia inavyogonga, tik, tik. Nikiihamishia kushoto, kimya. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, na vikishakufa havioti tena. Ule mvumo ulikuwa malalamiko yao.

Hesabu yake iko hivi. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanasema sauti ya desibeli 85 mtu anaweza kukaa nayo saa 8. Kila ikipanda desibeli 3, muda unakatika nusu: kwenye 88 ni saa 4, kwenye 91 ni saa 2. Ikifika 100 umebakiwa na dakika 15 tu, na chumba kidogo chenye ngoma na amplifaya kinafika hapo bila shida. Kwa hiyo posho yako ya siku nzima huenda iliisha bendi ya kwanza ikiwa bado jukwaani.

Nunua vizibo vya masikio. Vile vya sponji ukivisukuma tu havifanyi kazi: kiviringishe kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, peleka mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu, kiingize, kishikilie mpaka kivimbe. Ukiweza, pata vya wanamuziki vyenye kichujio, maneno hayatapotea. Na simama karibu na fundi mitambo, maana sauti anaipanga kwa kusikiliza pale alipo yeye. Mvumo ukizidi siku mbili, nenda kwa daktari.

Sasa gitaa. Spika haikuwa imeharibika, mwanangu, ingawa historia yake inaanzia hapo hapo. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya The Kinks ya Uingereza, kijana wa miaka 17, alichukua wembe akaichana karatasi ya spika ya amplifaya yake ndogo ili gitaa likwaruze. Mkwaruzo ule ukasikika mpaka ng'ambo. Siku hizi kuna vifaa vya kukanyaga kwa mguu vinavyofanya kazi ya wembe, lakini anayeitafuta sauti hiyo anaitafuta kwa makusudi.

Wakati huo huo vijana wa Marekani walikuwa wanafanya mazoezi kwenye gereji za magari nyumbani kwao, na jina la muziki likatoka humo. Wasikilize The Sonics wa Tacoma, yule mwimbaji anapopiga ukelele nywele zinasimama. Mwaka 1972 Lenny Kaye, mpiga gitaa na mwandishi wa habari za muziki, alikusanya nyimbo za bendi za namna hiyo kwenye albamu iitwayo *Nuggets*, akaziita panki, kabla panki tunayoijua haijazaliwa. Ndiyo maana aina hizi mbili zinapanda jukwaa moja. Na ufupi wa nyimbo usikushangaze: albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya New York, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa.

Kama wanajua kupiga? Safari ijayo sikiliza wanavyonyamaza. Bendi nzima ikikata kwa pigo moja, hakuna aliyehesabu, kisha ikarudi pamoja, hapo pana miezi ya mazoezi. Mtazame pia mpiga ngoma anayepanda na matoazi yake kwapani. Seti ya ngoma mara nyingi ni ya bendi moja, wote wanaazimana. Usiku mmoja gitaa la besi lilikatika waya katikati ya wimbo, na kijana wa bendi iliyokuwa inasubiri zamu akavua besi yake akampa mwenzake. Wimbo haukusimama.

Kule mbele kuna adabu yake: anayeanguka anainuliwa papo hapo, na asiyetaka kusukumwa anakaa pembeni bila kuguswa. Akitokea mtu wa kuumiza au kukushikashika, mwambie wa mlangoni au paza sauti bendi isikie. Ian MacKaye, mwimbaji wa bendi ya Fugazi ya Marekani, alikuwa anakatisha wimbo, anamtoa mtu wa vurugu na kumrudishia kiingilio chake. Waandaaji wenye moyo huo wapo wengi. Ukikuta ukumbi usiojali, ondoka.

Basi nenda, na umwombe binamu yako mfike mapema. Bendi ya kwanza hupigia chumba kitupu, nami nimeziona zikipiga kwa nguvu zote mbele ya watu sita. Uwe wa saba.