Tezi ya shingo, uwele na vidonge vya madini joto

SWALI: Tezi yangu ya shingo ni dhaifu, natumia levothairoksini (dawa ya homoni ya tezi). Je, nimeze vidonge vya madini joto na kuacha ugali wa uwele?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Ndugu msomaji, vidonge hivyo usivianze bila daktari, madini joto yakizidi huidhoofisha tezi zaidi. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na chumvi yenye madini joto husaidia kuyapata. Uwele wa kila siku huibana tezi, hivyo pishana na mahindi.

Kinachoharibu zaidi ni kumeza dawa kwa chai ya maziwa, au pamoja na vidonge vya kuongeza damu: kalsiamu ya maziwa na chuma cha vidonge huinasa dawa tumboni isifyonzwe. Imeze alfajiri kwa maji matupu, chai ingoje dakika 30 hadi 60, na vidonge vya damu masaa 4. Dozi ikibadilishwa, pima TSH (homoni katika damu inayoonyesha kama dozi inafaa) baada ya wiki 6 hadi 8.