Disinterested si Uninterested: Mtafsiri, Usiyumbishwe

Juzi nimepata kazi niliyoitamani siku nyingi: kutafsiri nyaraka za sheria, hapahapa Dodoma. Najua wengi mnaonisoma mnaitaka hiyohiyo, hasa tangu mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Habari za kutuma barua na kusubiri kuitwa naziruka, mnazijua.

Kwenye usaili tulipewa aya ya Kiingereza kuhusu mgogoro wa ardhi, na ndani yake kulikuwa na "a disinterested mediator". Nusura nicheke. Neno hilo nina kisa nalo.

Ofisi niliyotoka, bosi alilikuta kwenye tafsiri yangu. Nilikuwa nimeandika "msuluhishi asiye na maslahi katika shauri". Akachukua peni nyekundu, akakata "asiye na maslahi", juu yake akaandika "asiyevutiwa".

"Binti," akaniambia mbele za watu, "Kiingereza hiki ulisomea wapi?"

"Mzee, asiyevutiwa ni uninterested."

Wakacheka, na waraka ukaenda hivyohivyo. Nani apeleke ugomvi wa shamba la zabibu kule Hombolo kwa msuluhishi anayepiga miayo?

Sasa sikilizeni. Interest ya Kiingereza imebeba hamu na maslahi kwa pamoja. Uninterested hana hamu. Disinterested anaweza kuwa na hamu tele, akakesha na faili lako, ila uamuzi ukienda huku au kule yeye hapati wala hakosi kitu. Ndiye kinyume cha mwenye mgongano wa maslahi. (Waingereza wenyewe katika karne ya 17 waliyatumia kinyumenyume, na mpaka leo wapo wanaoyachanganya, ndiyo maana kamusi nyingine zinaweka maana zote mbili. Kwenye waraka wa sheria shika hii ya maslahi.)

Vijana, someni! Kuona un- na dis- zote zinakanusha ukaridhika, huo ni uvivu, na uvivu hauwezi kukupa kazi mji huu. Uliza kinachokanushwa ni hamu au maslahi. Soma sentensi nzima. Bosi akikupinga, mfungulie kamusi kwa adabu. Akikataa, mwache aandike lake, ila tafsiri yako ya kwanza itunze na tarehe yake, maana waraka ukizaa kesi atatafutwa mtafsiri, si mwenye peni nyekundu.