Maswali ya Wasomaji: Miji ya Kihistoria kwa Siku Chache

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinatoka kwa makundi ya marafiki wanaotaka kuzunguka miji ya zamani ya Uganda kwa wikendi moja au kwa likizo fupi. Tumechagua zinazogusa wengi. Ushauri mmoja utauona ukijirudia: punguzeni idadi ya miji, na msipange kuivuka Kampala mchana.

Tuko marafiki watano, tuna Ijumaa hadi Jumapili na gari letu wenyewe. Tumepanga Entebbe Ijumaa, Jinja Jumamosi, Kampala Jumapili. Mwenzetu mmoja anasema mpango huu ni mbovu. Kweli?
*Msomaji, Bombo*

Miji mliyochagua ni mizuri, ila mmeipanga vibaya. Entebbe iko kusini ya Kampala, kama kilomita 40. Jinja iko mashariki, kama kilomita 80. Ukimaliza Entebbe jioni ya Ijumaa na unataka kulala Jinja, utaingia Jinja Road saa ile ile ambayo Kampala nzima inarudi nyumbani, na kuanzia Nakawa hadi kuivuka Mukono utakuwa unahesabu bampa. Baada ya hapo bado kuna malori ya mpakani Busia na Malaba, matrekta ya miwa ya Lugazi, na barabara ya njia moja kila upande ndani ya msitu wa Mabira, mahali ambapo madereva wasio na subira hupita magari mengine kwenye kona.

Igeuzeni. Ijumaa ondokeni Bombo saa 11 alfajiri, mshike Northern Bypass, halafu mtoke kwa njia ya Gayaza, Kalagi na Kayunga. Kilomita zinaongezeka kidogo lakini malori ni machache. Faida nyingine ya njia hiyo ni kwamba inawatoa Njeru, upande wa magharibi wa Nile, kabla hamjavuka daraja. Mnara wa Speke, mpelelezi Mwingereza aliyefika pale tarehe 28 Julai 1862, uko upande huo. Watu wengi hukimbilia bustani ya upande wa Jinja, wakaulizia mnara, wakaambiwa uko ng'ambo ya mto. Maliza Njeru kwanza, kisha vuka.

Upande wa Jinja kuna sanamu ya Gandhi, iliyozinduliwa mwaka 1997 kwa sababu sehemu ya majivu yake ilimwagwa mtoni hapo mwaka 1948. Msitarajie maporomoko. Ripon Falls ambayo Speke aliiona ilizama bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilipokamilika mwaka 1954. Mashua itawapeleka mahali maji yanapochemka kutoka chini, basi. Bei ya mashua mpatane kabla ya kupanda, tena muulize wazi: ni ya mashua nzima au ya kila mtu? Ugomvi mwingi pale gatini unatokana na swali hilo kutoulizwa. Jaketi la kuokolea uvae na ulifunge. Usilikalie.

Jumamosi mapema tembeeni Main Street kwa miguu, kabla maduka hayajafunguliwa. Inueni macho juu ya vibao vya simu na dawa za mifugo: kwenye ukuta wa juu wa majengo ya wafanyabiashara wa Kihindi utaona mwaka wa ujenzi na wakati mwingine jina la mwenyewe, vimechongwa katika plasta. Wenye majengo hayo ndio waliopewa siku 90 na Amin mwaka 1972. Saa 3 magari yakishaanza kuegeshwa na miavuli kufunguliwa, nusu ya hayo hayaonekani tena.

Rudini Jumamosi kabla ya saa 8 mchana, mlale Kampala. Jumapili asubuhi barabara za mji ni tupu, kwa hiyo nendeni Kasubi, kwenye makaburi ya Makabaka wa Buganda, na Old Kampala. Makanisa makuu ya Namirembe na Rubaga yatakuwa na ibada. Mnaweza kuingia kusali, lakini kuzunguka na kamera haifai. Mchana mshukie Entebbe kwa barabara ya kulipia, inayoanzia Busega kwenye Northern Bypass. Malipo yalipoanza Januari 2022 gari dogo lilikuwa shilingi 5,000, basi wekeni noti ndogo tayari. Bustani ya mimea ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1898. Tumbili wa hapo wanajua sauti ya karatasi ya chapati, chakula kibaki garini. Usiku mtarudi Busega, bypass, Kawempe, Bombo, bila kuuona mji katikati.

Sisi sita tunatoka Arua. Tunataka Hoima, Fort Portal, Kampala, Entebbe na Jinja kwa siku nne. Tuanzie wapi?
*Msomaji, Arua*

Anzieni kwa kufuta Entebbe na Jinja. Kwenda na kurudi Arua peke yake kunakula karibu siku mbili za barabara. Mkibaki na Hoima, Fort Portal na Kampala, mtapata safari yenye kichwa na miguu, na tungewashauri mwombe siku ya tano kazini.

Makosa ya watu wa West Nile ni kushuka moja kwa moja hadi Kampala, halafu kupanda tena kwenda magharibi. Nyinyi mkishavuka Karuma, mkifika Kigumba pindeni kulia kwenda Masindi, halafu Hoima. Ni lami. Pale Karuma msifungue madirisha kwa ajili ya nyani. Wakishaingiza mkono mmoja mmepoteza mfuko mzima.

Kutoka Masindi, makaburi ya Mparo mtayakuta kabla ya mji, kama kilomita 4 kufika Hoima. Ndipo alipozikwa Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro. Ukiijua habari yake, mji wote unabadilika machoni. Alipigana na Waingereza miaka ya 1890, akakamatwa Aprili 1899 huko Lango pamoja na Kabaka Mwanga wa Buganda, wote wawili wakapelekwa Seychelles. Mwanga alifia huko mwaka 1903, mwili wake ukarudishwa mwaka 1910, na yuko Kasubi. Kabalega aliruhusiwa kurudi akiwa mzee, akafia njiani, Mpumudde, Jinja, Aprili 1923, bila kuiona Hoima. Nje ya Mparo kuna alama ya mahali alipompokea Emin Pasha, daktari Mjerumani, mwaka 1877. Ulizeni mwongozaji awaonyeshe. Wenye haraka hupita bila kuiona.

Lala Hoima, asubuhi nendeni Katasiha, ngome ya mwaka 1894 ya Kanali Colvile. Tahadhari: hakuna kuta. Kilichobaki ni handaki na mapango ambamo inasemekana Kabalega alijificha. Anayekwenda akitaka kupiga picha ya ngome kama zile za pwani atarudi amenuna. Wekeni saa moja tu hapo, na viatu vyenye kukamata udongo.

Kisha Kabwoya, Kagadi, Kyenjojo, Fort Portal: kama kilomita 195, saa nne pamoja na kusimama. Huu ndio mpangilio sahihi hata kwa historia, kwa sababu Tooro, ufalme wa Fort Portal, ilijitenga na Bunyoro karibu mwaka 1830, Kabalega akaitwaa tena, na Lugard, ofisa wa Kiingereza, akamrudishia mfalme Kasagama kiti mwaka 1891. Ukiingia Fort Portal ukitokea Hoima unaelewa kwa nini mji ule ulihitaji ngome. Asubuhi ya tatu pandeni kilima cha ikulu ya Karuzika, halafu Karambi, njia ya Kasese, walikozikwa Kasagama, Rukidi wa Tatu na Olimi wa Tatu. Ondokeni saa 5. Kampala iko karibu kilomita 300, na Mubende iko katikati. Hapo kuna mti wa Nakayima, juu ya kilima kilomita chache nje ya mji. Watu wanausali, si bustani. Viatu vinavuliwa, na anayepiga tambiko hapigwi picha.

Siku ya nne ni Kampala. Ya tano ni kurudi kwa njia ya Luweero na Karuma, mkianza alfajiri. Msijaribu kufanya vyote viwili siku moja. Dereva aliyetembea mjini kutwa nzima na bado anatakiwa kuendesha usiku hadi Arua ndiye anayelala kwenye usukani Nakasongola.

Gari la kukodi na hesabu za pesa hutugombanisha kila mara. Tufanyeje?
*Msomaji, Walukuba, Jinja*

Super Custom ina viti vinane pamoja na cha dereva. Mko saba? Mtaingia, lakini mabegi yatakaa mapajani. Ichukueni kwa watu sita, au mkodi ile Hiace ndefu ambayo wenyewe huiita drone.

Mafuta yapigieni hesabu nyinyi wenyewe, msimwachie mwenye gari. Mzunguko wa Kampala, Hoima, Fort Portal na kurudi ni kama kilomita 700. Gari linalokwenda kilomita 9 kwa lita litataka lita 78. Ongeza lita 10 za kuzunguka mijini na foleni, ni 88. Zidisha kwa bei ya pampu ya wiki hiyo. Mwenye gari akitaja bei, muulize kama mafuta yamo, na kama chakula na malazi ya dereva yamo. Karibu kila mara hayamo, na ndipo ugomvi wa usiku wa kwanza unapoanzia.

Gari likaguliwe siku moja kabla, mchana. Tazama stika ya bima kwenye kioo, tairi la akiba na jeki, maji ya rejeta, na tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini kuukuu hupasuka kwa joto, hasa gari likiwa limejaa.

Michango: mweka hazina awe mmoja, na kila mtu atume kwa simu pamoja na ya kutolea. Ukisahau hilo, ada ya wakala na kodi ya asilimia 0.5 ya serikali inamwangukia yeye peke yake. Kubalianeni mapema kwamba anayejitoa dakika ya mwisho anarudishiwa pesa ya chakula na chumba ambacho hakijalipwa, lakini ya gari hapati, maana gari halipungui bei kwa sababu mtu mmoja amebaki nyumbani.

Mkiwa watatu tu na mnatoka Kampala kwenda Jinja, achaneni na kukodi. Pandeni teksi Old Taxi Park. Inabeba abiria 14 na haiondoki mpaka ijae, basi chagua iliyokwisha kujaa nusu, usikubali kuwa wa kwanza kukaa.

Dada zangu wawili wanapenda suruali. Kasubi na msikitini wataruhusiwa?
*Msomaji, Tororo*

Msikiti wa Taifa wa Old Kampala una shuka na mitandio ya kuazima mapokezi, na wahudumu husaidia kufunga. Wasiende Ijumaa mchana. Waende asubuhi nyingine, wapande mnara kabla ukungu wa joto haujafunika vilima. Kasubi kila dada awe na leso yake. Viatu huvuliwa mlangoni, na ndani mwanamke hukaa miguu ikiwa imekunjwa upande mmoja. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea tarehe 16 Machi 2010, na UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Kabla ya kulipa, uliza getini ni sehemu zipi zimefunguliwa siku hiyo.

Marafiki kutoka Mombasa, na mmoja wa Tanga, watatufuata. Wanahitaji nini mpakani?
*Msomaji, Kisenyi, Kampala*

Mkenya anavuka kwa kitambulisho cha taifa. Huyo wa Tanga aje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria kutoka uhamiaji kwao, kwa sababu mpango wa vitambulisho ulianza na Kenya, Uganda na Rwanda. Wote wawe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyochomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Cheti hicho ni cha maisha, hakihitaji kurudiwa. Wakija na gari lao, wakate bima ya COMESA Kenya kabla ya kuvuka. Wakija kwa basi, wapendelee la kupitia Busia kuliko la Malaba, ambako malori ni mengi zaidi. Mihuri ya nchi zote mbili hupigwa upande wanakoingia, yaani huku Uganda, kwa hiyo wasipotee wakitafuta ofisi upande wa Kenya. Pesa wabadilishe kwenye duka lenye dirisha na risiti, si kwa vijana wenye mafurushi ya noti.

Na wasije karibu na tarehe 3 Juni kama hawaji kuhiji. Siku ya Mashahidi, Namugongo hupokea umati kutoka Afrika Mashariki nzima, barabara za upande ule hufungwa, na vyumba vya Kampala hupanda bei.

Tupige picha wapi, tusipige wapi?
*Msomaji, Mbale*

Acheni mabwawa ya umeme, kambi, vizuizi vya polisi na uwanja wa zamani wa ndege wa Entebbe, ule wa uvamizi wa Waisraeli wa Julai 1976. Daraja jipya la Jinja la mwaka 2018 linavutia, lakini kusimamisha gari juu yake ni kosa, na askari wako karibu. Lipigeni picha mkiwa kwenye mashua.