Matunda ya porini: anza na jani

Mtoto wa Muheza hafundishwi bungo. Ganda la rangi ya chungwa, utomvu mweupe ukilipasua, kokwa zenye nyama chachu za kumumunya. Hayo anayajua tangu mdogo. Namwandikia aliyekulia mjini, amenunua kitabu cha mfukoni cha kutambua mimea, na sasa anataka kuingia nacho porini huku kwetu Tanga.

Angalia kwanza kitabu kimeandikiwa nchi gani. Cha Uingereza kitakuonyesha tunda jeusi linalofanana na lililo mbele yako, utaridhika, kumbe ni mmea mwingine kabisa. Tafuta cha Afrika Mashariki. Na hata hicho kina mipaka: pale Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 wakapanda miti kutoka mabara mengine, kwa hiyo kitabu cha mimea ya asili hakitakuwa nayo yote. Ndani ya hifadhi ya Amani, isitoshe, ni kutazama na kupiga picha tu. Usichume.

Nikifika kwenye mmea, tunda naliacha kwanza. Naangalia majani: yamekaa mawili mawili yakitazamana, au yanapishana? Jani ni zima au limegawanyika? Shina lina miiba? Mfuu utaujua kwa jani lililogawanyika kama vidole vya mkono, hata msimu ambao hauna fuu hata moja. Rangi ya tunda hubadilika kila wiki. Mpangilio wa majani haubadiliki.

Chukua lantana, kichaka kilichojaa kando ya njia zetu. Shika shina: lina pembe nne na vimiiba. Pitisha kidole juu ya jani, linakwaruza. Lifikiche, harufu kali inabaki mkononi. Matunda yake ni punje ndogo za kijani zinazoiva kuwa nyeusi, na hizo mbichi zina sumu. Wapo wanaokula zilizoiva. Mimi sizigusi, maana kichala kimoja hubeba mbichi na mbivu pamoja, na mtoto hachambui.

Mturituri ndio unaonitia hofu zaidi. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zinavutia mno, watu huzitunga shanga, lakini ikitafunwa inaweza kuua. Ukurasa wake uonyeshe watoto kabla ya ukurasa wowote wa matunda matamu. Kisha waonyeshe ndulele, ile ya njano yenye sumu, iliyo jamaa ya ngogwe (nyanya chungu).

Kitabu kikitaja alama sita nawe umeziona tano, liache tunda hilo mtini. Usijipe moyo eti ndege wanalila: ndege hula pilipili kichaa na hawawashwi. Afadhali umwulize bibi anayechuma kuni na mboga maeneo hayo, umwonyeshe tawi lenyewe badala ya picha, halafu ulinganishe maneno yake na kitabu. Wakipingana, usile.

Mtoto akishakula asichokijua, usimtapishe wala usisubiri dalili. Mwondolee mabaki mdomoni, mkimbize hospitali, na ubebe tawi lenye majani na matunda, ili daktari ajue anashughulika na mmea gani.