Usiwalishe nyuki wako shira ya kaimati

Nina mizinga miwili nyuma ya nyumba, Mikindani, upande wa mikoko. Mwaka jana maua ya mchu, aina ya mkoko, yalipokwisha, nyuki wakaanza kuhangaika na njaa. Mie kwa uvivu nikawatilia shira iliyobaki jikoni. Sukari ni sukari, nilijiambia. Shira ile ilikuwa na iliki tele.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, jirani akaniita ukutani: "Jirani, njoo uwatoe wanao hawa!" Yeye hupika kaimati za kuuza. Sufuria ya shira ilikuwa nyeusi kwa nyuki, wengine wameshazama. Lakini maembe yaliyomenywa hapo kando hawakuyagusa hata kidogo.

Baadaye ndipo nikaelewa. Nyuki akirudi mzingani hucheua nekta, na wenzake humnyooshea ndimi wakainywa kinywani mwake, vipapasio vikigusana. Utamu na harufu huingia pamoja, basi harufu ile ndiyo wanayoishika. Hata kibarua mchanga asiyewahi kutoka nje huihifadhi, na siku atakayoanza kazi ndiyo atakayoifuata. Nyuki aliyepata chakula huwachezea wenzake ngoma mzingani, na ngoma hiyo huonyesha upande na umbali pale chakula kinapokuwa mbali. Kikiwa karibu, kama kwa jirani yangu, ngoma husema tu "kipo hapa hapa". Kukitafuta ni kazi ya harufu.

Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa utafiti wake, ikiwemo kuifasiri ngoma hiyo, aliwahi kuloweka maua katika maji ya sukari na kuwalisha nyuki ili wayaendee maua ya aina hiyo mashambani. Yeye aliwafundisha maua, mie nikawafundisha kaimati.

Kwa hiyo, ukiwalisha, tumia sukari nyeupe na maji, uzani sawa, bila kiungo chochote. Weka ndani ya mzinga jua likitua, na tone likimwagika nje lioshe usiku huo huo. Asali ya mzinga wa mtu mwingine usiwape kabisa, maana huweza kubeba ugonjwa.

Shira ya jirani nililipa. Nyuki hawakuacha mara moja. Waliendelea kuja kukagua sufuria, naye akapika mlango umefungwa, akinitaja kwa majina nisiyoweza kuyaandika hapa.