Maandalizi ya mtoto: kipi kinunuliwe, kipi kisubiri

Nina mimba ya miezi saba, ya kwanza. Mume wangu fundi rangi, kazi za msimu. Tuna laki moja. Tuanze na nini? (Mbagala)

Hongera sana, dada. Anzeni na khanga, doti mbili, na zifue mara tatu nne kabla hujajifungua. Khanga mpya ina wanga wa kiwandani: idondoshee maji uone tone linavyoserereka kama juu ya jani la mgomba. Ikishalainika inanyonya, na hapo ndipo inafaa kumpokelea mtoto, kumkaushia, kumtandikia, baadaye mbeleko. Kama mama yako ana za zamani, muombe, hizo ni bora kuliko za dukani. Ongeza beseni lake mwenyewe, kofia, soksi na fulana tano tu, maana baada ya miezi miwili zitambana. Chandarua chenye dawa ulizia kliniki kwanza, wajawazito hupewa bure. Mto wa kulalia usinunue kabisa. Mtoto mchanga hulazwa chali, mahali tambarare, bila mto.

Nepi au pampasi? (Tanga)

Piga hesabu. Pampasi tano kwa siku ni 150 kwa mwezi, na mwezi ujao unaanza upya. Dazeni mbili za nepi za kitambaa unanunua mara moja, na mdogo wake atazirithi. Nashauri nepi mchana, pampasi usiku na safarini. Ila kufua kuna masharti: zianike juani kwenye kamba, kamwe si majanini wala kivulini. Kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, kisha funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto. Pasi ya moto, hadi kwenye pindo, inayaua mayai hayo.

Mitumba ya watoto ni salama? (Ilala)

Ni salama, na mara nyingi kitambaa chake ni kizuri. Vuta kila kifungo. Kinacholegea king'oe, mtoto asije akakimeza. Kata kamba za shingoni. Loweka, fua, piga pasi.

Nataka kumnunulia mwanangu kigari cha kujifunzia kutembea. (Dodoma)

Usinunue, kaka. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004 kwa sababu ya ajali. Fikiria jiko la mkaa uani: mtoto aliye kwenye kigari analifikia kabla hujageuka. Wala hakimharakishi kutembea. Mtandikie mkeka, atambae.

Likizo ya uzazi inaisha. Ninunue chupa ngapi? (Kinondoni)

Kwanza dai haki yako. Sheria ya ajira inakupa siku 84 za likizo, 100 ukizaa pacha, na ukirudi kazini unaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kama unaishi karibu, huenda usihitaji chupa hata moja.

Ukiwa mbali, kamua maziwa, na mlezi amnyweshe kwa kikombe kidogo chenye mdomo mpana. Chupa ina kona na chuchu ambazo uchafu hujificha, kikombe unakiona chote hadi chini. Mfundishe mlezi amnyweshe mtoto akiwa amempakata wima, kikombe kikigusa tu mdomo wa chini, mtoto avute mwenyewe, asimiminiwe. Maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje ya friji kwa zaidi ya muda wa saa nne, na kwa joto la Dar yawahishwe zaidi. Kwenye friji yanakaa hadi siku nne. Anza mazoezi wiki mbili kabla ya kurudi kazini.